Komeo la Bunduki ya Baba

14 Januari

Mdogo wangu, Mkia wangu,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mimi mzima, ukiacha mafua. Chongo naye ni mzima, ila uzee umempanda, siku hizi anabweka akiwa amelala ili asijisumbue kuamka. Wifi hajambo? Watoto je? Mwambie yule mdogo kwamba ng'ombe aliyenichorea amefika salama, nimembandika kwenye mlango wa friji ya chanjo kazini. Nimehesabu miguu yake, ni sita. Mwambie shangazi yake ni bibi mifugo mwaka wa kumi na saba huu na hajapata bahati ya kumtibu wa namna hiyo.

Sasa nisikuzungushe. Jumatatu nilikwenda kituo cha polisi kuhamisha kibali cha bunduki kiwe kwa jina langu, kama Baba alivyoandika kwenye wosia. Karani wa silaha ni mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi. Kanipa hadi tarehe thelathini Juni niipeleke bunduki ikiwa kamili, mtutu, kitako na komeo, kile chuma chenye pini kinachofungia risasi ndani. Nikishindwa wanaichukua, inakatwa vipande. Bunduki bila komeo, anasema, kwao ni bomba tu la chuma.

Komeo unalo wewe. Baba alipostaafu ubwana mifugo alitugawia, bunduki ikae kwangu na komeo likae kwako, mmoja wetu asiweze kuitumia bila mwingine kujua. Kila likizo ya mwisho wa mwaka ulikuja nalo, tukaunganisha, tukalenga kopo, Baba akasimama nyuma yetu na kutucheka. Ulipokuja mazishini Novemba ukasema umelisahau kwa haraka. Sawa, msiba ni msiba. Lakini sasa nakuomba ulilete.

Bunduki yenyewe iko vizuri. Mwezi wa mwisho wa Baba, kila nilipomaliza kumwosha, aliniambia niitoe kabatini niipake mafuta mbele yake. "Mtutu kwanza," anasema. "Usifute kama unafuta sahani." Huku amelala, mifupa inamuuma mpaka jasho linamtoka, lakini macho yako kwangu. Akanikumbusha tena kwamba risasi hizi ndogo zinapigwa ukingoni, si katikati, na ndiyo maana huwezi kufyatua tupu, maana pini inakwenda kugonga mdomo wa chemba, pale risasi inapokaa. Ile alama uliyoiacha ukiwa na miaka tisa bado ipo, sawa na punje ya mtama. Ulikula bakora! Siku zile za mafuta ndizo ninazozikumbuka kwa raha, Mkia. Niliona kwamba ndivyo anavyonirithisha.

Jambo moja linanikera na nitalisema. Agosti Baba alikuandikia barua kwa mkono wake, mkono ule uliokuwa hauwezi hata kushika kijiko, na mimi mwenyewe nikaipeleka posta. Hukumjibu. Kila Ijumaa akanituma nikaulize kama kuna chochote kutoka kwako, na kila Ijumaa nikarudi mikono mitupu. Na wewe hukukanyaga hapa mpaka siku ya kumzika. Kwa nini?

Dada yako


9 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Pole na mafua, na pole na Chongo. Sisi hatujambo. Wifi yako amepandishwa cheo pale duka la dawa, sasa ana ufunguo wa kabati kubwa na anatembea nao hata Jumapili. Msanii wa ng'ombe amefurahi sana. Anasema ile miguu miwili ya ziada ni ya kukimbilia sindano.

Kazi ni ile ile, kupanda na kushuka kwenye majengo ya watu. Juzi lifti namba mbili ilikwama katikati ya ghorofa ya sita na ya saba, ndani yumo mkurugenzi na mama wa usafi. Nilihangaika na mota saa nzima. Nilipofungua mlango nikamkuta mkurugenzi amekalia ndoo iliyopinduliwa, mama wa usafi anamsimulia visa vya mkwe wake, na mkurugenzi ananiambia, "Subiri kidogo, amalizie."

Kuhusu komeo ondoa wasiwasi. Limo ndani ya ile soksi ya kijivu ya Baba, juu ya kabati la chumbani. Nikipata mtu wa kuaminika nitalituma. Wewe endelea kuitunza bunduki, Dada, hakuna mwenye mkono kama wako.

Nakutumia sabuni za maji chupa mbili na glavu za kazini kwako, zile ndefu za mpaka bega.

Mdogo wako, Mkia


3 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Hongera kwa wifi, mwambie asije akaufungia mdomo wako humo kabatini, maana naona tayari umefungwa. Glavu nimezipata, asante, zimenifaa. Sabuni zinanukia mpaka ng'ombe wanageuka kunitazama.

Nilikuuliza kuhusu barua ya Baba. Hukusema neno. Haya, nimeona.

Nikupe habari ya wiki iliyopita ili uelewe kwamba bunduki hii siitafuti ya kupamba ukuta. Niliitwa kwa mzee mmoja, ng'ombe wake ametumbukia kwenye mtaro wa maji, mguu wa mbele umevunjika mara mbili, mfupa uko nje. Dawa ya kumlaza imekwisha stoo kwetu tangu Desemba, na kila nikiuliza naambiwa iko njiani. Basi tukamtuma mtu akamwite mchinjaji, na mchinjaji alikuwa na shughuli zake. Tangu saa nane mpaka saa kumi na moja nimepiga magoti kwenye tope nimeshika kichwa cha yule mnyama. Unajua watu walivyomwita Baba, Bwana Pole, kwa sababu kila mnyama aliyemmaliza alimwambia pole kwanza, halafu dakika ile ile yakaisha. Mimi nilimwambia yule ng'ombe pole kwa saa tatu. Pole, pole, mpaka neno likaniishia ladha mdomoni. Na bunduki iko nyumbani, safi, inang'aa, na haina komeo.

Nimerudi nimekaa kitandani na matope yangu nikalia kwa hasira. Hasira zenyewe zilikuwa zako wewe.

Tuma komeo. Mtu wa kuaminika hakosekani kwa miezi miwili. Kama hakuna, panda basi ulilete mwenyewe, nitakupikia.

Dada yako


2 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima. Huku mvua imenyesha hadi maji yakaingia kwenye mashimo ya lifti, nimeshinda wiki nzima na pampu, viatu havijakauka hadi leo. Watoto wazima. Wifi yako anakusalimu.

Pole sana na habari ya ng'ombe. Niliisoma mara mbili.

Kuhusu lile komeo, niliulizia posta wakasema sehemu za silaha hawapokei. Nikataka kumpa dereva mmoja tunayefahamiana, akaogopa ukaguzi njiani. Labda likizo ya katikati ya mwaka nitakuja mwenyewe, ila kazini hawajanithibitishia. Na nimewaza, Dada, usinikasirikie. Ni lazima kweli? Umesema dawa iko njiani. Siku hizi watu wengi wa mifugo wanatumia sindano tu. Bunduki ni ya zamani, na wewe uko peke yako ndani ya nyumba. Huoni ingekuwa heri kuiacha iende?

Nafikiri tu.

Mdogo wako


20 Mei

Wewe,

Salamu sina. Shikamoo yako ya Aprili sikuiitikia na siiitikii.

Jana nilikwenda kituoni kuomba niongezewe muda. Nilijipangia maneno njia nzima, eti mdogo wangu anafanya kazi mbali, ni mtu wa majukumu, analihifadhi komeo vizuri kwenye soksi, atakuja nalo likizo. Nikakutetea pale kaunta mbele ya foleni ya watu. Karani akanisikiliza mpaka nikamaliza, akavua ile miwani yake ya uzi, akasema, "Mama, huyu mdogo wako ndiye huyu?" Akanigeuzia faili.

Barua yako. Mwandiko wako, hizo herufi zako zinazolala kama zimechoka. Unawaandikia polisi kwamba wewe, mrithi mwenza, unapinga kibali kuhamishiwa kwangu, na unaomba silaha ichukuliwe iharibiwe. Nikatazama tarehe. Tarehe tisa Februari. Siku hiyo hiyo uliniandikia mimi habari za mkurugenzi na ndoo! Hebu niambie, ulianza na ipi? Uliandika ya polisi kwanza ndipo ukaandika "hakuna mwenye mkono kama wako"? Au ulinichekesha mimi kwanza? Kalamu ni ile ile, nimeiona, ile ya buluu inayovuja. Bahasha mbili ulizipeleka posta kwa mkono mmoja.

Na hayo hayajaisha. Nyuma ya barua umebandika nakala ya stakabadhi ya kituo cha polisi cha huko kwako. Umelisalimisha komeo. Hakuna soksi, hakuna dereva mwoga, hakuna posta iliyokataa. Tarehe ya stakabadhi ni ishirini na moja Agosti.

Agosti Baba alikuwa hai. Alikuwa hai, anakula uji, ananiuliza habari zako. Umekwenda kusalimisha urithi wa mtu ambaye bado anapumua. Kwa hiyo mazishini ulipojipapasa mifuko mbele yangu na kusema umelisahau, ulikuwa unaigiza, na kaburi liko pale, udongo haujakauka.

Ungetaka bunduki ungesema. Ungeona wivu ungesema, ningekupa, Mungu anajua. Miezi minne umenifanya mjinga. Sabuni zako nimewapa wenzangu kazini.

Nataka sababu. Sitaki salamu, sitaki habari za lifti. Sababu.


8 Juni

Dada,

Shikamoo. Hata usipoitikia.

Nimeandika barua hii mara nne nimechana. Nipo chumba cha mitambo juu ya jengo, mota inanguruma, hapa ndipo mahali pekee ambapo hakuna anayekuja kuniuliza ninaandika nini.

Sikuwa na wivu. Kama ni kusema uongo, nimesema, na sina pa kujificha. Nilidhani muda ukipita polisi wataichukua na wewe utawakasirikia wao, basi. Sikujua kwamba wangekuonyesha faili. Nilipanga vibaya kama ninavyopanga mambo yangu yote.

Ile barua ya Baba ya Agosti, nilijiahidi moyoni kwamba nitakufa nayo. Lakini umeanza barua kwa "Wewe" tu, na hujawahi kuniandikia hivyo tangu tuzaliwe. Naiambatanisha. Isome ukiwa umekaa.

*Mwanangu, ukipata hii niletee komeo. Kama huwezi kuja, litume ndani ya kitu chochote. Mimi nimewaambia pole wanyama wa watu kwa miaka arobaini, na sikumwacha hata mmoja ateseke kama ninavyoteseka mimi. Unaelewa ninachokuomba. Dada yako asijue. Yeye ndiye anayenigeuza kitandani, nikimwambia atalia, na siwezi kumtazama akilia. Bunduki nitahakikisha iko tayari. Usichelewe. Baba yako.*

Ilinifikia tarehe kumi na tisa. Siku mbili sikula. Nikajua kwamba nikikaa na lile komeo, siku moja atapiga simu, nitasikia sauti yake, na nitalipeleka. Nikalichukua kwenye soksi nikalipeleka polisi kabla sijabadilisha mawazo. Ndiyo maana sikujibu, ningejibu nini? Na ndiyo maana sikuja. Ningekuja mikono mitupu angenitazama. Dada, mimi siogopi kuning'inia kwenye kamba ghorofa ya ishirini, lakini macho yale niliyaogopa.

Akafa Novemba kwa maumivu yake yote, na wewe ndiye uliyeyaona. Hilo nalibeba mimi. Sijui kama nilimwokoa au nilimsaliti. Nikilala najibu hivi, nikiamka najibu vile.

Sikutaka bunduki ile ikae na wewe nyumba moja ukiwa hujui. Na sikutaka ujue. Ndiyo sababu yangu, yote.

Nisamehe.

Mkia


1 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba.

Umesema nisome nikiwa nimekaa. Nilisoma nimesimama, mlangoni kwa kliniki, na mtu amenishikilia mbuzi ananisubiri. Nikamchoma sindano yule mbuzi, nikaandika kadi yake, nikamwambia mwenyewe arudi baada ya wiki mbili. Ndipo nikaenda nyuma kwenye stoo nikakalia gunia la chumvi ya mifugo. Siku tatu Chongo peke yake ndiye aliyeambulia maneno.

Bunduki nimeipeleka jana, siku ya mwisho. Sikuomba muda tena. Karani aliiinua akachungulia ndani ya mtutu kuelekea dirishani, akapiga mluzi. "Hii imetunzwa, mama. Miaka yangu yote sijaona mtutu wa zamani safi hivi." Halafu akapapasa mdomo wa chemba kwa kidole, akasema hapa ina alama. Nikamwambia ni mdogo wangu huyo, alikuwa na miaka tisa. Akaandika kwenye fomu yake, "alama ndogo". Nikasaini. Wanaikata Ijumaa.

Sasa nikujibu. Uliniongopea, na lile la tarehe tisa Februari bado linaniwasha kila nikilikumbuka. Ungeniambia ningelia, ndiyo, ningelia. Kwani nimekatazwa kulia? Mimi si yai. Nilikuwa namgeuza mtu mzima kitandani mara sita kwa siku, nikamfuta, nikamlisha, mkaona ninyi wawili kwamba hilo naliweza, ila ukweli siuwezi. Hata hivyo wewe nitakusamehe, nakujua, siku moja utakuja hapa na viatu vyako vya maji nitakuwekea chakula mezani na tutagombana mpaka tucheke. Sijui lini. Usije mwezi huu.

Lakini Baba nimfanye nini? Naye hayupo nimuulize.

Nilikuandikia Januari kwamba siku zile za kupaka mafuta ndizo ninazozikumbuka kwa raha. "Mtutu kwanza. Usifute kama unafuta sahani." Nikijisifu, eti ananirithisha. Hakuwa ananirithisha kitu, Mkia. Alikuwa anaiandaa, na mikono aliyoitumia ni yangu. Nilipaka kila mahali alipoonyesha. Nikamuuliza, "Hivi sawa, Baba?" Akasema, "Hivyo hivyo, mwanangu, vizuri sana." Sikumbuki kama amewahi kunisifia kitu kingine.

Na barua ile stempu nilibandika mimi.

Na zile Ijumaa. Nimezihesabu, zilikuwa kumi na tatu. Ananiambia, "Nenda kaulize kama kuna kifurushi kutoka kwa mwanangu," nami natembea mpaka posta, nasimama kwenye foleni, naambiwa hakuna, narudi nikikulaani njia nzima kwa ajili yake. Nikifika ananitazama mikono kabla ya uso. Nikasema moyoni, maskini baba wa watu, anamkosa mtoto wake.

Huwa siachi kuwaza kwamba siku moja yule karani wa posta angesema kipo. Hata kama ni cha sabuni. Ningekichukua kile kifurushi nikakimbia nacho njia nzima mpaka kitandani kwake, nikimwita kutoka getini, kwa furaha yangu yote, "Baba, kimefika!"

Dada yako